Saa za Kazi za Aliyejiajiri

Mtu afanye kazi saa ngapi kwa siku? Katika ujana wangu swali hili halikuwa na haja ya kuulizwa huku kwetu Rufiji, maana lilikuwa na wa kulijibu. Mvuvi wa delta alijibiwa na maji. Mkulima wa mpunga alijibiwa na jua na msimu. Mwalimu na karani walijibiwa na kengele. Lakini siku hizi wametokea watu ambao hawana maji, hawana msimu, wala hawana kengele: ni hao wanaouza bidhaa zao kwa simu na mtandao. Duka lao halina mlango, kwa hiyo halina pa kufungwa. Nia yangu katika kurasa hizi chache ni kulitafakari swali hilo kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tunaoishi nao nyumba moja.

Anayevua kamba katika mito ya delta hajipangii saa zake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Basi wiki hii mvuvi atatoka alfajiri, na wiki ijayo atatoka adhuhuri. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakaenda kwa nguvu. Kisha huja maji mafu, naye akapata nafasi ya kushona nyavu na kukarabati mtumbwi. Wavuao dagaa kwa taa huhitaji giza. Mbalamwezi ikitanda, hupumzika. Kazi hiyo ni ngumu, na baharini wamebaki wengi. Hata hivyo hakuna mvuvi awezaye kuyaamuru maji yarudi ili aongeze saa mbili.

Mkulima naye hakuwa mtu wa kazi nyepesi. Mpunga ulipoanza kuzaa, familia nzima ilihamia dunguni, kufukuza ndege mchana na kuwinga nguruwe usiku. Asije mtu akatuambia kwamba wazee wetu walilala sana. Walikesha. Lakini mpunga ulipovunwa, dungu liliachwa, watu wakarudi nyumbani, ngoma zikapigwa. Usiku ule wa kukesha ulikuwa na mwisho, na kila aliyekesha aliujua mwisho huo tangu siku ya kwanza.

Vilevile isisemwe kwamba nawasifu wazee kwa yote. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo sisi wanafunzi wa wakati ule tulilisoma mpaka likatukaa kichwani, liligusa jambo hili waziwazi. Lilieleza kwamba mfanyakazi wa mshahara mjini hufanya kazi kiasi cha saa 45 kwa wiki, likaziona kuwa ni chache kwa nchi maskini. Papo hapo likasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Kwa hiyo tunapohesabu saa za kazi hatuna budi kuuliza kwanza: tunahesabu za nani? Mama afungaye biashara saa mbili usiku, kisha akakoka moto na kuogesha watoto, hajafunga kitu.

Sasa iangalie simu ya mkononi. Saa yetu ya Kiswahili huhesabu mara mbili. Jua likichomoza twaanza saa moja, tukafika saa kumi na mbili. Jua likichwa twaanza tena saa moja. Maana yake ni kwamba usiku una hesabu yake, tofauti na ya mchana, kama familia mbili zinazopakana uani. Simu haijui mpaka huo. Kwake saa ni 24 mfululizo, na ujumbe wa mteja aliyeko Marekani, ambako ndiyo kwanza jua linachwa, huingia Kibiti watu wakiwa usingizi wa pili.

Ninaye mjukuu wa miaka 26 ninayeishi naye hapa Kibiti. Huuza mikeka ya ukindu inayosukwa na akina mama wa delta, pamoja na kamba wakavu. Huvipiga picha, akaziweka picha hizo kwenye WhatsApp na Instagram. Wateja humtumia fedha kwa simu, naye hupeleka mzigo stendi ukaenda Dar es Salaam kwa basi. Ni kazi ya halali na ya akili. Imetutia bati jipya, na imemnunulia sare na madaftari mdogo wake aliye kidato cha pili. Siwezi kuidharau, wala sitaki msomaji aidharau.

Nilimwomba aandike katika daftari, kwa muda wa wiki mbili, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, na ujumbe gani ulizaa mauzo. Alianza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa sita usiku. Ukiondoa chakula, sala na mapumziko madogo madogo, zilibaki saa 14 kila siku, kwa siku saba, yaani saa 98 kwa wiki. Baada ya saa tatu usiku alijibu jumbe 61, na zilizoleta fedha zilikuwa nne. Nyingine ziliuliza bei, zikaitikia, zikanyamaza.

Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, huyo aliyekuajiri hakupi ruhusa ya kulala?"

Akacheka. "Babu naye! Si nimejiajiri mwenyewe?"

"Basi angekuwa tajiri wa watu, kesho asubuhi ningekupeleka kwa afisa kazi."

Alicheka tena, lakini mimi sikuwa nafanya utani wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri asimfanyishe mtu kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, siku sita, saa tisa kwa siku. Na hata kwa saa za ziada, siku isizidi saa 12. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena yapite mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 24. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago walimwaga damu kwa kudai siku ya saa nane, na ndiyo asili ya Mei Mosi yetu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1905, kwenye vilima vya Umatumbi, kusini yetu tu, watu waling'oa pamba ya Wadachi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waling'oa pamba watu waliokuwa wakulima tangu kuzaliwa, ambao jembe halikuwa geni mikononi mwao. Walilolikataa ni siku zao kuchukuliwa na akida kwa kiboko, huku mashamba yao wenyewe yakimea magugu. Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo. Mohoro tunaijua, ni mwendo wa basi kutoka hapa.

Katika visa vyote hivyo walikuwapo watu wawili: mmoja anayetaka saa, na mwingine anayenyang'anywa. Sheria iliingia kati yao. Je, akiwa mtu ni mmoja, yeye ndiye mwajiri na yeye ndiye mfanyakazi, nani ataingia kati? Hapo ndipo swali la saa linapogeuka kuwa swali la haki. Je, mtu anaweza kujidhulumu?

Wengi watajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa dhuluma huhitaji mdhulumiwa asiyeridhia, na aliyejiajiri ameridhia. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Kwanza, hata sheria haikubali kwamba ridhaa inamaliza kila kitu. Mfanyakazi hawezi kutia saini kwamba atafanya kazi saa 16 kwa siku; akitia, saini hiyo haina thamani, kwa sababu tunafahamu kwamba mwenye shida huridhia lolote. Na mwenye shida hazidi kuwa huru kwa kuwa ameiridhia shida yake mwenyewe.

Pili, anayeridhia leo siye atakayelipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya kazi saa 35 hadi 40, na kwamba katika mwaka 2016 watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yatokanayo na saa hizo ndefu. Binti wa miaka 26 ndiye aliyekubali. Atakayeuguzwa ni mama wa miaka 55, na huyo hakuulizwa. Ukichukua mali ya mtu asiyekuwapo tunakuita mwizi, hata kama mtu huyo ni wewe wa baadaye.

Tatu, hakuna anayejiajiri peke yake. Mjukuu wangu alipokuwa jikoni, simu ilishikwa na mdogo wake. Alipochoka usiku, mdogo wake alijibu: "Upo, elfu thelathini, tunatuma." Nimesimamia shule miaka mingi. Namjua mtoto anayesinzia kwa njaa, namjua anayesinzia kwa homa, na namjua anayesinzia kwa sababu nyumbani kwao hakulaliki. Kijana yule hakuajiriwa na mtu, hakulipwa, wala hakuulizwa. Hesabu ya saa 98 ilikuwa pungufu. Hatukuwa tumeziandika zake.

Mjukuu wangu alinijibu kwa heshima, na jibu lake halikuwa jepesi. "Babu, mteja hasubiri. Nisipomjibu usiku, asubuhi ameshanunua kwingine. Wewe una pensheni. Mimi nina simu." Neno hilo lisibezwe. Si kila mtu ana nafasi ya kuchagua saa zake, na ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa juu ya mapumziko. Kama kufunga simu saa tatu ni kulala njaa, basi asifunge. Hapo dhuluma ni ya umaskini, na tiba yake haiko katika kurasa hizi.

Lakini daftari lilisema jambo jingine. Tuseme mtu anapata faida ya shilingi 14,000 kwa saa 14. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa saa. Akipunguza mpaka saa tisa, faida ikashuka hadi 11,700, kila saa imemlipa shilingi 1,300. Amepoteza shilingi 2,300 na amepata saa tano. Je, saa tano za usingizi, za kukaa na mama yake, za kumfundisha mdogo wake hesabu, zina thamani ya shilingi 2,300? Wafanyabiashara wetu wengi huhesabu mapato ya siku; wachache huhesabu mapato ya saa.

Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima. Siku ya kwanza mjukuu wangu alizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya pili alilala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka. Mtandao uliporudi, wateja wengi walikuwapo palepale. Bahari ilimpangia saa, kama ilivyowapangia wavuvi wa kwetu tangu zamani.

Kwa kuwa bahari haitatusaidia kila mwezi, ninashauri aliyejiajiri ajitengenezee maji yake ya kujaa na kupwa. Atangaze saa zake kwa wateja, kama duka linavyoandika mlangoni. Awe na siku moja ya wiki isiyo na biashara. Msimu wa harusi ukifika, afanye kazi zaidi. Hiyo ni bamvua, na bamvua ni halali. Lakini baada yake yaje maji mafu, nayo yaandikwe kwenye kalenda kabla ya bamvua kuanza. Na saa za mtoto wa shule zisiguswe kamwe.

Mjukuu wangu sasa hufunga saa tatu usiku. Mwezi wa kwanza alipoteza oda ya mikeka 12 ya harusi, kwa sababu mwenye harusi aliandika saa tano usiku na hakungoja asubuhi. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, nami sikumwambia kwamba haikuwa. Mara nyingine namwona bado anaichungulia simu gizani, akidhani babu haoni.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Anayeuliza bei ya mkeka usiku wa manane, wala hana haja ya mkeka kabla ya Ijumaa, anamwamsha mtu bure. Ujumbe unaweza kungoja asubuhi.

Ukiniuliza basi ni saa ngapi hasa, nitakwambia tisa kwa siku sita. Zimepimwa na watu wengi kabla yetu. Lakini kuliko namba, nakupa kipimo. Chukua ratiba yako ya wiki hii, iandike kwenye karatasi, kisha ujiulize kama ungethubutu kumpa karatasi hiyo mtoto wa jirani yako na kumwambia, "Hizi ndizo saa zako, kuanzia Jumatatu," mama yake akiwa amesimama pembeni anasikiliza. Ukiona haya kumpa yeye, usijipe wewe.