Tui la Kwanza ni la Mgeni

Kuna mazoea yameingia majumbani mwetu huku Kilangala ambayo yananikera. Mgeni akibisha hodi, mtoto anatumwa dukani akalete soda. Nazi zimelala uani, nanasi liko jikoni, mbuzi ya kukunia nazi inaning'inia ukutani, na bado tunaona chupa ya dukani ndiyo heshima.

Wenzetu wa Puerto Rico, ng'ambo ya Atlantiki, walichukua vitu hivyo hivyo, tui zito na nanasi, wakatia ramu, wakakiita kinywaji chao piña colada. Mwaka 1978 kikatangazwa kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa. Sisi ramu hatuihitaji. Nyumba nyingi za pwani hii ni za Waislamu, na hata isingekuwa hivyo, mimi napenda sinia ambalo bibi, shehe, mjamzito na mtoto wote watanyoosha mkono bila kuulizana.

Chagua nazi iliyokomaa. Itikise sikioni usikie maji yakicheza. Ikune taratibu, usifike kwenye kifuu, maana ule weusi wa chini huchafua tui. Nyunyizia maji ya uvuguvugu, ya kulowanisha tu, kisha kamua kwa kifumbu. Linalotoka hapo ni zito, linang'ang'ania mgongo wa kijiko. Hilo ndilo la kinywaji. La pili liende kwenye wali.

Nanasi lisage, ulichemshe kwa sukari na iliki, ulichuje, lipoe kabisa. Anayependa kuongeza maziwa ya ng'ombe asiruke kuchemsha: nanasi lisilochemshwa lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini ya maziwa, na kinywaji kikikaa kinakuwa kichungu. Tui litie mwisho, mbali na moto, lisije likakatika.

Kazi ya kutengeneza tui ni ya kale. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kutoka hapo akasafiri kwa chombo hadi Dhofar, Oman ya leo. Huko alieleza jinsi mwanamke anavyoketi kwenye kiti, akaiponda nazi kwa fimbo yenye chuma kilichochomoza nchani, akailoweka mpaka maji yakawa meupe kama maziwa. Ukiyasoma maelezo yake unaikumbuka mbuzi ya mama yako.

Na hapo Kilwa alisimulia habari za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakumtafutia nyingine kabatini. Aliingia ndani, akazivua zile zile, akampa. Kilichoombwa ndicho kilichotolewa.

Nalikumbuka hilo kila wageni wanapozidi idadi na mkono unapoanza kuelekea kwenye mtungi. Mama yangu mdogo ana huruma sana, hataki mtu akose. "Mwanangu, ongeza maji, watatosha wote."

"Hapana, mama. Nileteeni vikombe vya kahawa."

Hatukubaliani, na kila mmoja wetu ana sababu yake. Yeye anahesabu watu. Mimi naangalia anachoonja kila mmoja. Bilauri iliyojaa maji meupe humwambia mgeni kwamba amekuja siku mbaya. Kikombe kidogo cha tui la kwanza hakimwambii hivyo. Na akikimaliza akatamani kingine, kijana mmoja anakwenda kwenye kifuo kufua nazi nyingine, hata kama magharibi imeingia.