Ndizi Nayo ni Fimbo?
Kwenye soko la mifugo la Muthara, fimbo ndiyo huongea. Ng'ombe akigoma, anachapwa. Kule Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini bila kiboko: akipatia, anasikia mlio mfupi, kisha anapewa chakula, kama kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Poa. Lakini ndizi ni heshima ama ni hongo? Mwenye ndizi bado ndiye bosi. Kipimo ni kimoja: mnyama akikataa kazi leo, atalala njaa? Akilala njaa, ndizi ni fimbo yenye ganda tu. Akila hata baada ya kukataa, basi amesikizwa.