TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Nani anatunza kilichokwisha kuanzishwa?



Kuanzisha jambo kuna shangwe zake. Kulitunza hakuna makofi.

Sisi wa Mgori tunalijua hili. Miaka ya 1990 msitu wetu uliwekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka, na walinzi wakatoka humu humu vijijini, bila mshahara. Makubaliano huandikwa mara moja. Doria haina mwisho.

Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Ni programu huria: bure kwa wote, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Lakini programu hazikai zilivyo. Toleo jipya huja na maneno mapya ya kutafsiri. Hata kile kifurushi cha kukagua tahajia ya Kiswahili kinataka mtu wa kukiongezea maneno, la sivyo ukiandika "kishikwambi" unapigiwa mstari mwekundu kama umekosea. Na lugha yetu si kazi ndogo: "soma" peke yake inazaa hatukusoma, nitakusomea, wanaosomeshwa, na mengine chungu nzima.

Anayeifanya kazi hiyo mara nyingi ni mtu wa kujitolea, usiku, ameshachoka na kazi yake ya mchana. Hatumjui hata jina. Sasa jiulize: sisi tunamdai, au yeye anatudai?

Fikiria fardhi kifaya. Wachache wakimzika maiti, wengine tumesalimika. Asipozikwa, dhambi ni yetu sote. Sisemi tahajia ni sawa na jeneza, hapana. Lakini sura ya jambo ni moja: wachache wamebeba, ndiyo maana sisi tumepumzika. Mapumziko hayo ni deni.

Akichoka, ana haki ya kutua mzigo. Tunachomwomba ni aukabidhi, asiutupe njiani. Lakini atamkabidhi nani kama hakuna aliyejitokeza kupokea? Basi kabla ya kulaumu kwamba "wameacha", tujitazame wenyewe.

Tumefundishwa kuwa amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Leo kabla ya kufuturu, chagua kitu kimoja cha wote unachokitumia bure: kisima, madrasa, msitu, programu. Mtafute anayekitunza, umuulize: "Nikusaidie wapi?"

Allah atutakabalie swaumu zetu, na awape nguvu wanaotutunzia. Amin.