Mlawi wa Miaka Hamsini

Neno la kuangaliwa: Kitabu cha nne cha Musa, kiitwacho Hesabu, mlango wa 8, mstari wa 23 hata 26.

Wengi huupita mlango huu upesi, wakidhani ni habari za Walawi tu na kazi za hema, mambo yaliyokwisha zamani. Walakini limo neno linalotuhusu sana siku hizi, ambapo watu wa nchi nyingi wanaulizana kama yafaa mzee sana kushika utawala, na kama imepasa wakubwa wapimwe akili na matabibu. Mungu aliagiza ya kwamba Mlawi aingie kazini mwenye miaka 25, na akifika miaka 50 aiache kazi ile. Wala hakufukuzwa hemani. Alikaa pamoja na ndugu zake, akiwasaidia katika ulinzi, ila mzigo hakuubeba tena.

Tazameni upole wa agizo hili. Halikumngoja Mlawi hata ajikwae na vyombo vitakatifu mabegani. Halikumsimamisha mbele ya mkutano apimwe nguvu. Liliweka mwaka mmoja kwa wote, mwenye nguvu na asiye nazo, hata asiwepo wa kuona haya.

Sisi katika Tanzania tumeifuata njia hii nusu. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60, na Jaji wa Rufani miaka 65. Rais naye, Katiba yataka awe ametimiza miaka 40, lakini umri wa mwisho haikuutaja. Mpaka wake ni vipindi viwili vya miaka mitano. Tena ibara ya 37 yasema kwamba Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi kwa ugonjwa wa mwili au wa akili, laweza kumpelekea Jaji Mkuu jambo hilo, naye ataweka mabingwa wa utabibu wasiopungua watatu walichunguze. Ni sheria njema. Lakini mawaziri wanawekwa na Rais mwenyewe. Ni nani kati yao atakayekuwa wa kwanza kusema, Mzee, umeanza kusahau?

Wenzetu wa milimani wanalijua jambo hili bila kusoma Katiba. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, kwa upande wa mama, na mndewa ndiye mwenye kuikumbuka: fulani alilima hapa, bonde hili lilikopeshwa, mpaka ni jiwe lile. Mengi ya hayo yalikaa kichwani mwake, si katika karatasi. Basi kichwa hicho kikichoka, ukoo mzima umo hatarini. Niliketi katika baraza moja ya namna hiyo upande wa Mgeta, kijiji sikitaji. Mzee alikuwa amewapa wapwa wawili shamba moja, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja alisema kweli. Shamba lilikaa misimu miwili bila maharage wala mahindi, na ndugu hao hawakusalimiana njiani. Watu wote walijua sababu, hakuna aliyeinena, maana waliogopa kumvunjia mzee heshima. Mwisho dada yake, naye bibi wa miaka mingi, akamwambia, "Kaka, mipaka tuachie sisi. Wewe keti hapa utusikilize, tukikosea utuonye." Yule mzee akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilimwona bibi yule amefanya kwa maneno machache kazi ambayo mawaziri wangeiogopa.

Lakini si kila nyumba ina dada kama huyo. Kwa hiyo mimi naona mpaka wa miaka ni bora kuliko kupimwa. Juni 2024 Rais Biden wa Marekani, mwenye miaka 81, alisimama kujadiliana na mpinzani wake, na ulimwengu ukamwona akipotewa na maneno. Mwezi wa pili yake akajitoa katika uchaguzi. Hicho kilikuwa kipimo, tena kikali, nacho hakikuwa na huruma ya ile sheria ya Walawi.

Mpaka nao hufaa ukiachwa mahali pake. Jirani zetu wa Uganda waliandika katika Katiba ya 1995 kwamba agombeaye urais asipite miaka 75. Mwaka 2005 wakaondoa kikomo cha vipindi. Desemba 2017, Rais Museveni akiwa na miaka 73, Bunge likaondoa na kikomo cha umri, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikalithibitisha jambo hilo. Mwaka 2021 akachaguliwa tena. Sitoi hukumu juu ya mtu yule. Ila mkulima wa Matombo akisikia kwamba jiwe la mpaka lilisogezwa wakati jembe lilipolikaribia, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mtu ataniuliza, Je, Kalebu hakuwa na nguvu katika miaka 85? Ndiyo, naye aliomba mlima wake mmoja, hakuomba kuwatawala Israeli wote. Musa alikuwa na miaka 120 na macho yake hayajapofuka, hata hivyo alikuwa amekwisha kumwekea Yoshua mikono. Wala vijana wasilichukue neno hili kuwa fimbo ya kuwapigia wazee. Rehoboamu aliyaacha mashauri ya wazee, akapoteza makabila kumi.

Hapa ndipo kosa letu lilipo. Mzee hang'ang'anii kiti bure. Ameona waliotoka jinsi walivyosahauliwa, hata salamu zikapungua mlangoni kwao. Tukimwambia, Toka, bila kumwekea nafasi ya ulinzi, tumelishika agizo nusu tu. Mwalimu Nyerere alitoka katika urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na hata karibu na kufa kwake 1999 alikuwa akiwapatanisha Warundi. Mzee Mwinyi alitoka 1995 mwenye miaka 70, akaishi kati yetu akisikilizwa hata 2024, alipofariki na miaka 98. Hao walikuwa na pa kuketi. Je, katika sharika zetu, mzee wa kanisa akiacha kazi, anaketi wapi?

Yuko mmoja katika Maandiko aliyejipima mwenyewe. Barzilai Mgileadi alimlisha Daudi huko Mahanaimu wakati wa taabu. Mfalme aliporudi Yerusalemu akamwita aende naye, ale mezani pake. Barzilai akajibu kwamba ana miaka 80, ulimi wake hauonji tena chakula, sikio lake halisikii vema sauti za waimbaji, naye atakuwa mzigo kwa mfalme. Akaomba arudi mjini kwake, akamtoa Kimhamu aende mahali pake. Akamvusha mfalme Yordani, naye Daudi akambusu na kumbariki. Hata alipokuwa karibu kufa, Daudi alimwagiza Sulemani kwamba wana wa Barzilai wale mezani pake.