FIZIKIA NA IMANI YA WANA WETU



Baba mmoja wa mji wetu ametuuliza: mwanawe amepata nafasi ya kusoma fizikia katika chuo kikuu huko bara, naye atapanga chumba Nkoroi, Kajiado. Je, ilimu hiyo haitamtoa katika dini?

Twajibu: fizikia ni kuchungua nuru, joto, uzito na mwendo wa vitu alivyoviumba Mwenyezi Mungu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir ya kwamba jicho huona kwa nuru inayolijia, wala halitoi nuru yake.

Tarehe 12 Desemba 1970 chombo kilichoitwa Uhuru kilirushwa angani kutoka baharini Ngomeni, karibu na Malindi, kwenda kuchungua miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Wamarekani walikitengeneza, Wataliani wakakirusha. Bahari ni yetu. Je, katika wana wetu wenye kuijua ilimu ile ni wangapi?

Kijana hatolewi katika dini na fizikia, bali na kuondoka nyumbani asijue kwa nini anasali. Basi ewe baba, mfunze sala na maana yake, kisha mwache aende. Na Waislamu walioko huko wamtafute Ijumaa, asiwe mpweke. Ilimu inayohitajiwa na umma ni faradhi kifaya: pasipo wa kuisoma, dhambi ni yetu sote.

Wabillahi taufiq.