Kiitikio Kikaacho Moyoni

Ndugu walimu wa dini, nanyi waimbishaji wa makanisa yetu,

Watazameni akina mama wa Kasongo wanapotwanga mpunga. Mmoja huanzisha wimbo, wengine humwitikia. Michi hupanda na kushuka, wala hakuna aliyeshika kitabu mkononi. Hata mtoto aliye mgongoni mwa mama yake hulishika neno la kuitikia kabla hajajua kusema vema. Basi, tujiulize: mbona nyimbo nyingine tulizotunga kwa ajili ya Bwana zinasahauliwa mlangoni mwa kanisa?

Swali hili si dogo. Katika vijiji vingi kati ya Kasongo na Kabambare padri hafiki kila Dominika. Mwalimu ndiye akusanyaye watu, asomaye Injili na kusali pamoja nao. Mafundisho yake husahauliwa upesi, lakini kiitikio hufuatana na watu shambani, mtoni, na kando ya kitanda cha mgonjwa. Bibi kizee asiyejua kusoma, saa ya kufa kwake, hatakumbuka mahubiri yetu. Atakumbuka maneno aliyoyaitikia mara mia. Kwa hiyo anayetunga kiitikio anamtilia mwenzake kinywani sala ya mwisho. Je, ataifanya kazi hiyo ovyo?

Mtakatifu Augustino aliijua kazi hii. Karibu na mwaka 394, alipokuwa bado padri wa Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, Wakristo walikuwa wamegawanyika, na wafuasi wa Donato walikuwa wamejitenga na Kanisa. Augustino, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha, akatunga zaburi kwa ajili ya watu wadogo. Mafungu yake yalifuata taratibu ya alfabeti, na baada ya kila fungu watu waliitikia maneno yale yale. Katika uzee wake alieleza sababu: alitaka jambo lile liwafikie hata wasio na elimu kabisa, likae katika kumbukumbu zao. Tena hakufuata mizani ya mashairi ya wakubwa, isije ikamlazimisha kutumia maneno ambayo watu hawakuyazoea. Mwenye elimu kubwa namna hii alijinyenyekeza. Sisi tutajivunia maneno magumu?

Basi, mtunzi ashike mambo matatu.

Kwanza, kiitikio kiwe na wazo moja tu. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari hujibiwa kwa wazo lile lile: rehema ya Mungu haina mwisho. Habari nyingi ziwekwe katika mafungu ya mwimbishaji. Watu wapewe jiwe moja la kusimamia.

Pili, sauti ilitii neno. Kiswahili hutia mkazo katika silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Sauti ikiinuka mahali pasipostahili, neno huvunjika na maana hufichika. Mfano: «Bwana, njia ni ndefu, tembea nasi.» Likariri polepole, usikie mkazo unapoangukia, ndipo uanze kutafuta sauti yake.

Tatu, kiwe cha pumzi moja, kisipande juu mno wala kushuka chini mno, ili mzee na mtoto wakiweze pamoja. Ukiisha kukifundisha mara tatu bila kitabu, na watu wa nyuma wangali kimya, usiwakemee. Rudi nyumbani, ukifupishe.

Lakini angalieni: kinachonata, hunata hata kikiwa kiovu. Imeandikwa kwamba Ario naye, katika karne ya nne, alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, na kwa njia hiyo alieneza uzushi wake. Neno la uongo, au la kumdharau mtu wa kabila jingine, likipata sauti tamu, huingia nyumbani bila kubisha hodi. Kwa hiyo, kiitikio kipya kipelekwe kwanza kwa padri, akipime, ndipo kifundishwe.

Tena tusitunge kwa ajili ya kusifiwa sisi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka watu wote washiriki ibada kwa kuitikia na kuimba, na muziki wa mataifa upewe heshima yake katika nchi za misioni. Wanakwaya wakiimba kwa ustadi huku taifa la Mungu limenyamaza kama wageni, kazi yetu bado haijatimia. Mtunzi mwema husahauliwa jina, wimbo wake ukabaki.

Ndugu wapendwa, Dominika ijayo nyamazeni kidogo katikati ya kiitikio, mwasikilize watu. Mkisikia sauti ya bibi kizee yule akiimba bila kusitasita, mshukuruni Mungu: amekwisha pata akiba yake ya safari.