Weka Jina la Nyanyako Kwenye Orodha

Kuna swali moja ambalo, tukilizoea huku Kisii na Nyamira, lingetuepusha na mengi: wewe unayesema unajua, huwa unakosea mara ngapi? Siulizi kama una uhakika. Uhakika kila mtu anao, na haulipiwi. Nauliza hivi: kati ya mambo mia uliyoyasema ukiwa na uhakika kabisa, mangapi hayakuwa kweli, na ulijuaje?

Walionifanya niliwaze swali hili si mapasta wala wanafalsafa. Ni watafiti wanaosoma protini kwa kompyuta.

Kazi yao iko hivi. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, na mara nyingi ugonjwa hujionyesha kwa protini fulani kuongezeka au kupungua kwenye damu. Pale Kilifi, kwa mfano, watafiti wamepima protini za damu ya watoto wenye utapiamlo mkali, wakitaka kuelewa kwa nini wengine hufa hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini protini huwezi kuiona kwa macho. Kwa hivyo huikatakata vipande kwa kimeng'enya kinachoitwa tripsini, halafu huvipa vipande hivyo chaji ya umeme na kuvipitisha kwenye spektromita ya masi, yaani mashine inayopima uzito wa molekuli. Kupima molekuli kubwa hivi bila kuziharibu ilikuwa kazi ngumu kiasi kwamba John Fenn na Koichi Tanaka, waliopata njia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa sikiliza vizuri. Mashine haikupi jina la protini. Inakupa namba tu, maelfu kwa maelfu. Jina linatafutwa na kompyuta: inachukua orodha ya protini zinazojulikana, inalinganisha, kisha inasema kipande hiki kinafanana zaidi na cha fulani. Na hapo ndipo kuna shida. Ukimwambia mtu akutafutie anayefanana zaidi, hawezi kurudi mikono mitupu. Hata kipande kiwe uchafu tu, hata mwenye kipande awe hayuko kwenye orodha, lazima atapatikana mmoja anayekaribia kuliko wengine. Mshukiwa namba moja hakosekani kamwe.

Watafiti wanalijua hilo, na dawa yao ni ya ajabu. Wanaweka uongo kwenye orodha yao wenyewe. Wanachukua protini za kweli, wanaziandika kinyumenyume ili ziwe vitu ambavyo havipo mwilini mwa mtu yeyote, kisha wanazichanganya na zile za kweli. Tuziite protini hewa, kama vile wafanyakazi hewa tunaowasikia kwenye taarifa. Kompyuta haiambiwi zipi ni hewa. Inafanya kazi yake, inataja majina. Kila ikitaja protini hewa, mtafiti anajua hapo imedanganyika, na kwa kuhesabu hizo anakadiria ni majina mangapi mengine, yale yanayoonekana ya maana, ambayo pia ni ya kubahatisha. Joshua Elias na Steven Gygi wa Marekani waliieleza mbinu hii kwa kina mwaka 2007, na leo wengi hukubali matokeo pale tu makosa yanapokadiriwa kuwa asilimia 1 au chini yake. Vipande vingi huishia kuandikwa tu kwamba havijatambulika. Hakuna anayelia. Kazi inaendelea.

Enyewe hii mimi naiona ni falsafa, si kemia. Inasema ukweli wa mtu haupimwi kwa jinsi anavyojiamini. Unapimwa kwa kama ameacha mlango ambao kosa lake linaweza kuingilia likaonekana. Asiyeacha mlango huo si kwamba hakosei. Hawezi kujua tu.

Sasa turudi nyumbani. Mei 2008, kundi la vijana lilipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kisii na kuwachoma watu 11 hadi kufa, wengi wao wanawake, kwa madai kwamba ni wachawi. Taarifa za wakati huo zilitaja daftari lililosemekana kupatikana shuleni, ati lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya wanaofuata kurogwa. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Hao ni wale tuliowasikia.

Angalia jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto anaugua, au kijana anakufa ghafla. Kifo hicho kinataka jina. Orodha ipo tayari hata kabla ya msiba: mjane anayeishi peke yake, mzee asiyeongea sana, mama mwenye kipande cha shamba ambacho jamaa wanakimezea mate. Kinachotafutwa ni anayefanana zaidi na omorogi, na anayefanana zaidi hakosekani. Akishapatikana, kila kitu kinageuka ushahidi. Hakulia matangani? Aha. Alilia sana? Anajifanya. Hakuna jibu hata moja ambalo lingeweza kuonyesha kwamba wamekosea. Kwenye orodha ile hakuna jina hewa.

Najua mtaniambia uchawi si protini. Sawa. Sibishani hapa kama uchawi upo au haupo. Kuna watu ninaowaheshimu wanaoamini upo. Hoja yangu inasimama hata ukiamini. Kama wachawi wapo, basi kumtofautisha mchawi na asiye mchawi ni jambo zito zaidi, na njia unayotumia inadaiwa hesabu ya makosa yake. Anayeamini kwa dhati ndiye angepaswa kuogopa zaidi kumchoma asiyehusika.

Tena sisemi maabara ni msikitini au kanisani. Mbinu ya protini hewa hushika makosa ya kubahatisha. Haishiki kila aina ya kosa. Na ile asilimia 1 inakubalika kwa sababu protini iliyotajwa kimakosa haiachi watoto. Mwenzake mwingine atarudia jaribio, jina litafutwa, basi. Mama aliyechomwa harudiwi. Kwa hivyo somo la maabara halisemi tuwahukumu watu kwa asilimia. Linasema hata wale ambao kosa lao ni la bei rahisi wanajichunguza hivyo. Sisi ambao kosa letu ni mtu, tunajichunguza vipi?

Kuna jambo lingine ambalo sitaki kulipita haraka. Aliyefiwa ana haki ya kuuliza kwa nini. Familia inapopewa mwili na maneno mawili ya haraka ambayo hakuna aliyeyaelewa, inarudi kijijini na swali zima, na kijiji kina majibu tele. Kuwacheka watu hao kwa sababu eti ni washamba ni uvivu. Lakini kukosa jibu si sababu ya kuchukua lililo karibu. Tungejifunza kukaa na mfiwa, tumletee chai, tuchimbe kaburi, na kifo kibaki bila mwenyewe. Kusema "hatujui" na bado ukabaki pale uani hadi usiku wa manane ni utu mkubwa kuliko kusema "tunamjua" na kuondoka na kiberiti.

Nawaambia vijana wenzangu hasa, kwa sababu wazee hawachomi nyumba. Wanaobeba petroli ni wa rika letu, na wanaosambaza jina kwenye makundi ya WhatsApp pia ni sisi, wengine tukiwa Nairobi, mbali na moshi.

Jina hewa la kujipima nalo unalo tayari. Siku ukitumiwa jina la mtu na dalili zake, chukua mtu mmoja ambaye unajua kwa moyo wako wote kwamba hana hatia. Nyanyako, magokoro aliyekulea. Mweke kwenye orodha kimyakimya kisha upitishe dalili zile zile. Macho mekundu? Kule Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na jiko la magokoro lina moshi. Anaishi peke yake? Ndiyo, tangu babu aende. Huamka usiku? Usingizi wa uzeeni. Huongea peke yake? Husali. Aligombana na jirani kuhusu mpaka? Nani kule kwetu hajagombana?

Kama dalili zimemkamata na yeye, hazijakuambia lolote kuhusu yule mwingine. Futa ujumbe. Kisha mpigie simu aliyekutumia, umwombe naye aweke jina la nyanyake.